Ndoa Bila Baraza: Wanandoa wa Mji wa Kale, Mombasa, Katika Zuio la 2020

Amri iliyotangazwa na Waziri wa Afya wa Kenya, Mutahi Kagwe, tarehe 6 Mei 2020, iliyozuia watu kuingia na kutoka katika Mji wa Kale wa Mombasa na katika mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi, imekwisha kujadiliwa sana kama suala la afya ya umma, la biashara na hata la siasa, lakini ni nadra kutazamwa kutoka mahali ilipotekelezwa kila siku, yaani ndani ya nyumba, baina ya mume na mke. Kimya hicho kina sababu yake, kwa kuwa mambo ya ndani katika utamaduni wa Waswahili hufunikwa kwa makusudi, na anayeyaanika huhesabiwa kuwa hana haya. Hata hivyo, stara hiyo haitoshi kuwa kisingizio cha kuacha kipindi kizima cha maisha ya watu kipite bila kuchunguzwa. Hoja inayotolewa katika makala haya ni kwamba ndoa ya Mji wa Kale haikuwa kamwe jambo la watu wawili peke yao, bali ilishikiliwa na baraza, msikiti, madrasa, duka la jirani, jiko la mama mzazi na meza ya muuza mahamri, na kwamba zuio lilipoziondoa nguzo hizo zote kwa mara moja, uzito wake uliwashukia wawili hao, tena bila kugawanyika sawa.

Ili kuupima uzito huo, ni lazima kutofautisha ngazi tatu za masharti yaliyowekwa mwaka huo baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini Kenya tarehe 13 Machi. Ngazi ya kwanza ilikuwa kafyu, yaani amri ya kutotoka nje usiku, iliyoanza tarehe 27 Machi kwa nchi nzima na kudumu kuanzia saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Ngazi ya pili ilikuwa zuio la kaunti, lililoanza tarehe 8 Aprili kwa Mombasa, Kilifi na Kwale, ambalo liliruhusu watu kutembea ndani ya kaunti yao lakini likawakataza kuvuka mipaka yake. Ngazi ya tatu ndiyo hiyo ya Mei, zuio la mtaa, ambalo lilifunga pia masoko na mikahawa ndani ya eneo lenyewe. Mkazi wa Kibokoni, Kuze au Mkanyageni, ambazo ni sehemu za Mji wa Kale, aliishi chini ya ngazi zote tatu kwa pamoja, na ingawa Kenya haikuwahi kuwaamuru raia wake wote wakae majumbani mchana na usiku, kama Rwanda ilivyofanya tangu tarehe 21 Machi, hali ya mkazi huyo ilikaribiana sana na ya Mnyarwanda. Muda wa zuio hilo la mtaa, ambao mwanzoni ulitangazwa kuwa siku 15, uliongezwa, na mtaa haukufunguliwa hadi mapema Juni.

Nyumba ambamo masharti hayo yalitekelezwa haikuwa nyumba yoyote tu. Usam Ghaidan, msanifu majengo aliyeuchunguza mji wa Lamu katika miaka ya 1970, alionyesha kwamba nyumba ya mawe ya Waswahili hupangwa kwa daraja za faragha: mtu huanzia kwenye daka, yaani ukumbi wa nje wenye viti vya mawe ulio mbele ya mlango mkuu, akapita tekani, yaani ukumbi wa ndani ya mlango, akaingia kiwandani ambako ni uwanja wa ndani usioezekwa, na kila hatua anayosogea kuelekea misana, yaani vyumba virefu vya kukaa, na chumba kiitwacho ndani humpeleka mahali pasipofikiwa na mgeni. Nyumba za Mombasa, ambazo nyingi zilijengwa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 zikiwa na ghorofa, roshani za mbao na maduka upande wa chini, hazifuati ramani hiyo neno kwa neno, lakini mantiki yake wanaijua wote waliolelewa humo: mgeni wa kiume huishia mbele, na nyuma ni milki ya mwanamke. Isitoshe, nyumba nyingi zimegawanywa na kupangishwa chumba kwa chumba au ghorofa kwa ghorofa, kiasi kwamba zile daraja za faragha ambazo zamani zilikuwa za ukoo mmoja sasa zimebanwa ndani ya vyumba viwili na ujia unaotumiwa na jirani.

Jambo ambalo wachunguzi wa majengo hawakulitilia mkazo wa kutosha ni kwamba mgawanyo huo wa mahali ulikuwa pia mgawanyo wa saa. Mwanamume wa mtaa huo, awe mfanyakazi wa bandarini, mwenye duka au mstaafu, alitoka baada ya sala ya alfajiri na kurejea kula mchana, kisha akatoka tena baada ya alasiri kwenda barazani, yaani kwenye viti vya mawe vilivyojengwa mbele ya nyumba au msikiti, ambako habari za mji hupitiwa, bei huulizwa, posa hudokezwa na magomvi ya ndoa, bila ya kutajwa majina, hupatiwa ushauri. Alirejea baada ya isha. Kwa saa hizo zote nyumba ilikuwa ya mke: alipika kwa mpango wake, alipokea mashoga na wifi zake, alijifunua kichwa bila ya kujali nani yumo sebuleni, na alizungumza kwa simu asiyotaka isikilizwe. Hapana sababu ya kuupamba utaratibu huo, ambao ulimnyima mwanamke mji kwa kumpa nyumba. Lakini ulikuwa utaratibu unaoeleweka, na kila upande ulijua saa zake. Kafyu iliuvunja upande wa usiku, na zuio la Mei likauvunja upande wa mchana.

Athari yake ilionekana kwanza katika mambo madogo ambayo hayaingii katika ripoti yoyote. Mume aliyekuwa akiikuta nyumba imefagiwa na chakula kimeiva sasa aliishuhudia kazi yenyewe, na ushuhuda huo ulizaa mambo mawili yanayopingana: kwa baadhi ulizaa heshima na mkono wa kusaidia, na kwa wengine ulizaa usimamizi, yaani maswali juu ya kwa nini mafuta yanakwisha haraka, kwa nini sufuria fulani imeinjikwa kabla ya nyingine, na ni nani huyo anayepigiwa simu kila asubuhi. Kwa upande wake, mke alimgundua mume asiye na pa kwenda, ambaye uzito wake katika jamii ulitokana na kukaa kwake barazani na kusikilizwa, na ambaye sasa alikosa wa kumsikiliza isipokuwa watoto na televisheni. Ni rahisi kumcheka mwanamume huyo, na mitandaoni alichekwa sana mwaka ule. Lakini kumwondolea mtu jukwaa lake kwa wiki nzima nzima ni kumwondolea sehemu ya nafsi yake, na nafsi iliyopunguzwa hutafuta pa kujiongezea.

Zuio la mtaa liliangukia katikati ya mwezi wa Ramadhani, uliokuwa umeanza mwishoni mwa Aprili, na hapo ndipo hesabu ya saa ilipokuwa kali zaidi. Mwezi Mei jua la Mombasa huzama kama saa kumi na mbili na robo jioni, na wakati wa isha huingia karibu saa moja na nusu usiku. Kwa hiyo baina ya kufuturu na kuanza kwa kafyu zilikuwapo takriban dakika 45, na sala ya isha pamoja na tarawehe, ambayo ni sala ya sunna ya usiku wa Ramadhani inayosaliwa kwa jamaa, zote ziliangukia ndani ya saa zilizokatazwa. Misikiti ilikuwa imekwisha kufungwa kwa ibada za pamoja tangu Machi, na viongozi wengi wa dini waliwahimiza waumini kutii kwa kuikumbuka hadithi mashuhuri ya Mtume juu ya tauni, inayomkataza mtu kuiingia nchi iliyofikwa na maradhi hayo na kuikimbia nchi hiyo iwapo alikuwamo. Ng'ambo ya mpaka, Tanzania iliacha misikiti na makanisa yake wazi, na tofauti hiyo ilikuwa mada isiyokwisha katika nyumba za Pwani ambazo karibu kila moja ina jamaa Tanga, Pemba au Unguja.

Tarawehe ilihamia sebuleni. Kwa mujibu wa fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, mume anaposali na mkewe na watoto wake yeye huwa imamu, nao husimama nyuma yake, na sala hiyo huhesabiwa kuwa ya jamaa. Hukumu hiyo, ambayo wengi waliisoma madrasa wakiwa wadogo wasiitumie, ilifufuka ghafla. Mume aliyezoea kusimama safu ya nyuma msikitini, akimwachia imamu kazi ya kukumbuka sura ndefu, alilazimika kusoma kwa sauti mbele ya mke ambaye mara nyingine alikuwa amehifadhi Qurani zaidi kuliko yeye, na inafaa kusemwa bila ya kuficha kwamba wanawake wa Mji wa Kale waliohitimu madrasa si wachache. Kati ya mabadiliko yote yaliyoletwa na zuio, hili pengine ndilo lililokuwa na uzuri usio na doa: ibada ambayo kwa desturi ya mtaa huo iliwatenganisha mume na mke kila usiku wa Ramadhani iliwakutanisha kwenye mkeka mmoja, na watoto wakamwona baba yao akikosea aya na mama yao akimrekebisha kwa kupiga makofi, kama sheria inavyomtaka mwanamke afanye imamu anapoteleza.

Upande wa jiko haukuwa na uzuri huo. Futari ya Mombasa ni kazi ya saa nyingi: uji wa pilipili manga, kaimati, sambusa, viazi karai, mihogo ya nazi, tambi, mahamri na mbaazi, kisha chakula kikuu baada ya tarawehe, kisha daku kabla ya alfajiri. Katika miaka ya kawaida kazi hiyo haikufanywa na mke mmoja. Sehemu yake ilinunuliwa kwa wanawake wanaouza vitafunio mbele ya milango yao kuanzia alasiri. Sehemu yake ilibadilishanwa, kwa kuwa sahani ya jirani haikurudi tupu. Na sehemu yake ilipikwa kwa mama mzazi, ambako binti aliyeolewa alikwenda mchana kusaidiana na dada zake. Kufungwa kwa mikahawa, hofu ya kushika chombo kilichoshikwa na mwingine, na marufuku ya kuvuka mpaka wa mtaa kwa wenye mama Kisauni, Likoni au Changamwe, vilirudisha mlolongo mzima katika jiko moja. Aidha, soko kubwa la Kongowea, ambalo liko ng'ambo upande wa bara, likawa mbali kwa wakazi hao.

Wataalamu wa uchumi huiita kazi ya namna hii kazi ya malezi na ya nyumbani isiyolipwa, maana yake ni kupika, kufua, kuchota maji, kutunza watoto, wagonjwa na wazee bila ya ujira, na bila ya kuingizwa katika hesabu ya pato la taifa. Uchunguzi wa matumizi ya muda uliofanywa na Shirika la Taifa la Takwimu la Kenya mwaka 2021, ambao ulikuwa wa kwanza wa aina yake nchini, ulionyesha kwamba wanawake hutumia takriban mara tano ya muda ambao wanaume huutumia katika kazi hizo. Tofauti hiyo haikuzaliwa na janga. Kilichozaliwa na janga ni kwamba mume alikuwapo ndani akiiona, jambo linaloondoa ile hoja kongwe kwamba mwanamume hafanyi kazi za nyumbani kwa sababu yuko nje akitafuta riziki. Mwanamume asiye na kazi, asiye na baraza na aliyefunga saumu alikuwa na muda wote uliohitajika kukuna nazi. Walioshika mbuzi wakakuna walikuwapo, na wasioshika hawakuwa na udhuru.

Watoto waliongeza kazi hiyo kwa namna ambayo wazazi wa miji mingine huenda hawakuipata. Mtoto wa Mji wa Kale huenda shule asubuhi na madrasa baada ya adhuhuri au alasiri, kiasi kwamba siku za wiki huonekana nyumbani kwa kula na kulala tu. Shule zote nchini zilifungwa katikati ya Machi 2020, madrasa nazo zikafungwa, na ingawa wanafunzi wa madarasa matatu, yaani gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne, waliitwa tena tarehe 12 Oktoba, waliobaki hawakurudi hadi tarehe 4 Januari 2021. Masomo yalirushwa kwa redio na televisheni, lakini televisheni ya nyumba ni moja na watoto ni wa madarasa mbalimbali, na baba naye anataka taarifa ya habari ya mchana. Kati ya mambo yote yaliyowagombanisha wazazi katika miezi hiyo, swali la nani amfundishe mtoto hesabu lilikuwa la kila siku, na jibu lake kwa kawaida lilikuwa mama.

Suala la fedha lilikuwa na ukali wake wa pekee, kwa sababu sheria ya Kiislamu inamwajibisha mume kutoa nafaqa, yaani chakula, mavazi na makazi ya mke na watoto, hata kama mke ana mali yake mwenyewe, na Mahakama za Kadhi, ambazo Katiba ya Kenya ya 2010 inazipa mamlaka juu ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu, husikiliza madai ya wake walionyimwa haki hiyo. Lakini nafaqa itoke wapi? Safari za ndege za kimataifa zilisimamishwa mwishoni mwa Machi na kurejea tarehe 1 Agosti, na hoteli za Nyali, Diani na Malindi zikawapa wafanyakazi wake likizo bila malipo. Wavuvi waliozoea kutoka usiku kwa mashua na ngarawa hawakuweza kutoka, kwa sababu kafyu haikumtazama samaki anapatikana saa ngapi. Wachukuzi, madereva wa tuktuk na wauza nguo wa Mtaa wa Biashara walikosa wateja. Mume aliyefunzwa tangu utotoni kwamba heshima yake nyumbani inatokana na kile anacholeta mkononi alikaa ndani mikono mitupu, na mke aliyekuwa na akiba ya chama, yaani kikundi cha wanawake wanaochangiana kwa zamu, alilazimika kuchagua baina ya kuitoa akiba hiyo na kumhifadhia mume heshima.

Wengi waliitoa, na waliitoa kwa busara ya kuifanya ionekane imetoka kwa mume. Hapa mwenye duka la mtaani alikuwa mshirika wa siri. Duka la kona katika Mji wa Kale hukopesha kwa daftari: unga, mchele, sukari na mafuta huandikwa kwa jina la baba wa nyumba, hata kama anayekwenda kuchukua ni mtoto na atakayelipa ni mama. Malipo madogo yalirahisishwa na uamuzi wa katikati ya Machi 2020 wa kuondoa ada kwa fedha zinazotumwa kwa M-Pesa zisizozidi shilingi 1,000, na kwa njia hiyo dada aliye Nairobi au shangazi aliye Muscat aliweza kupunguza deni la Mombasa bila ya mtu kutoka mlangoni. Fedha zinazotumwa Kenya na raia wake walio ng'ambo zilipanda mwaka huo, kutoka takriban dola bilioni 2.8 mwaka 2019 hadi takriban dola bilioni 3.1, kinyume na matarajio ya wengi waliodhani kwamba janga lingezikausha.

Ni kosa, hata hivyo, kudhani kwamba zuio liliwabana wanandoa wote ndani ya chumba kimoja. Liliwatenganisha wengine. Baharia aliyekuwa melini hakuruhusiwa kushuka, na mke au mume aliyekuwa akifanya kazi Saudi Arabia, Oman au Qatar hakupata ndege ya kurudi. Tarehe 16 Mei Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania isipokuwa kwa malori ya mizigo, na jamaa za Vanga na Lunga Lunga, ambao kwa vizazi wameoana na watu wa upande wa Tanga kana kwamba mpaka haupo, waligundua kwamba upo.

Kisha lilikuwapo tatizo la mitala, yaani ndoa ya mume mmoja na wake zaidi ya mmoja, ambayo sheria ya ndoa ya Kenya ya 2014 inaitambua kwa Waislamu. Fiqhi inamtaka mume agawe usiku wake kwa zamu iliyo sawa baina ya wake zake, na mume mwenye mke mmoja Kibokoni na mwingine Likoni alikuwa, siku zuio lilipotangazwa, katika nyumba mojawapo; huko ndiko alikobaki. Mke aliyebaki naye hakuwa na hakika kama amebahatika, na mke aliyeachwa alikosa zamu yake kwa amri ya serikali, si kwa dhuluma ya mume, ingawa haikuwa rahisi kumshawishi kwamba mume huyo hakuijua saa ya tangazo.

Utamaduni wa Waswahili haukuwa mgeni kabisa wa jambo la mume na mke kufungiwa ndani. Fungate, ambayo ni siku saba za mwanzo wa ndoa, ilimtaka bwana harusi wa zamani aingie nyumbani kwa kina bibi harusi na kukaa humo bila ya kutoka, na kwa sababu hiyo mzaha uliosikika mara nyingi mwaka 2020 ni kwamba serikali imewarudisha wazee fungateni. Mzaha huo, ukichunguzwa, unaonyesha hasa kilichokosekana. Maharusi wa fungate hustarehe kwa sababu wengine wanafanya kazi: somo, yaani mwanamke mtu mzima anayemfunza na kumhudumia bibi harusi, huleta chakula, jamaa hufua na kupika, na nyumba nzima hunyamaza kwa ajili yao. Faragha ya wawili hugharimiwa na jasho la kumi. Wanandoa wa zuio hawakuwa na somo wala mpishi wala jamaa wa kuwachukulia watoto. Walikuwa wao ndio maharusi na ndio watumishi, tena pasipo na faragha yenyewe, kwa kuwa watoto wamelala chumba hicho hicho na jirani anasikia kila neno kupitia ujia. Ilitabiriwa pia kwamba miezi hiyo ingeleta wimbi la watoto wachanga. Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2022 ulionyesha kinyume cha utabiri huo, kwa kuwa wastani wa watoto kwa mwanamke nchini Kenya ulishuka hadi 3.4 kutoka 3.9 wa mwaka 2014, na vyumba viwili vilivyojaa watu huenda vina fungu lao katika maelezo ya kwa nini utabiri haukutimia.

Katika nyumba ambazo mume alikuwa mpigaji, kufungiwa ndani kulikuwa jambo jingine kabisa, na lugha ya upole haifai kulielezea. Mapema Aprili 2020 Jaji Mkuu wa wakati huo, David Maraga, alitoa tahadhari kwamba makosa ya kijinsia yalikuwa yamefikia zaidi ya theluthi moja ya makosa ya jinai yaliyokuwa yakiripotiwa, na kwamba katika baadhi ya kesi watuhumiwa walikuwa jamaa wa karibu au watu wanaoishi na waathiriwa. Tarehe 6 Julai Rais Uhuru Kenyatta aliagiza uchunguzi ufanywe juu ya kuongezeka kwa ukatili wa kijinsia. Sheria ya Kinga Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015 ilikuwapo, na namba ya msaada 1195 ilikuwapo, lakini njia ambayo mwanamke wa Mji wa Kale aliizoea ilikuwa nyingine: kwenda kwao. Mke aliyekasirishwa au kupigwa hujifunga buibui, hukamata mtoto na kwenda kwa mama yake, na kitendo hicho peke yake huwaita wazee wa pande mbili kukaa na kusuluhisha. Kafyu ilikifunga kitendo hicho usiku, zuio likakifunga mchana kwa mwenye kwao nje ya mtaa, na mazungumzo ya simu kuomba msaada hayafanyiki mbele ya mtu anayeombewa msaada dhidi yake. Wapangaji wa amri za 2020 walidhani kwamba nyumba ni mahali salama kwa kuwa ni nyumba, na dhana hiyo ndiyo kasoro yao kubwa kuliko zote.

Kasoro ya pili ilihusu ugonjwa wenyewe. Mwongozo wa kuwatunza wagonjwa nyumbani, uliotolewa na Wizara ya Afya mwezi Juni 2020, ulimtaka mgonjwa akae katika chumba chake peke yake chenye hewa ya kutosha. Katika nyumba iliyogawanywa kwa wapangaji, sharti hilo lilimaanisha kwamba mke au mume mmoja na watoto walale ujiani. Woga wa kupelekwa karantini ya lazima, ambayo mwanzoni iligharimiwa na mtu aliyewekwa humo, ulikwisha kuwafanya wakazi wengi wasijitokeze kupimwa, na kutojitokeza huko kulikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa za kuufunga mtaa. Si haki kuliita jambo hilo ujinga. Lilikuwa hesabu ya watu waliojua vyema ukubwa wa vyumba vyao na wa mifuko yao.

Zuio la Mji wa Kale liliondolewa mapema Juni, wakati ambapo saa za kafyu zilipunguzwa pia na kuwa saa tatu usiku hadi saa kumi alfajiri. Zuio la kaunti ya Mombasa liliondolewa mapema Julai, na kafyu yenyewe, baada ya kubadilishwa mara kadhaa, ikafutwa nchi nzima tarehe 20 Oktoba 2021. Wanaume walirudi barazani kabla ya tarehe zote hizo, kwa sababu kiti cha mawe hakifungiki kwa kufuli. Kumbukumbu za upande wa ndani ndizo zilizo hatarini. Wenye maduka wa Kibokoni, Kuze na Mkanyageni ambao bado wana madaftari ya deni ya Machi hadi Julai 2020 wanaombwa wasiyatupe, kwa kuwa hakuna hati nyingine inayoonyesha kwa siku na kwa shilingi jinsi nyumba za mtaa huo zilivyokula. Na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, yanayosimamia Ngome ya Yesu, hatua chache kutoka kwenye maduka hayo, yana wajibu wa kuyaomba kwa ridhaa ya wenyewe, kuficha majina yaliyomo, na kuwatuma wanawake wakawahoji wanawake kabla ya waliokuwa mama wa nyumba mwaka ule kuzeeka.